Maziwa Aliyoyaacha Baba Mkwe

Kila nionapo paka amejikunyata, mwanangu, nakumbuka siku paka wa baba mkwe wangu alipokataa kula.

Nilikuwa bibi harusi, bado niko ndani, kule Nkwenda, Karagwe, enzi za mkoloni. Wakati ule kwetu bibi harusi hakanyagi shamba miezi ya mwanzo. Anakaa nyuma ya mkeka, analishwa anenepe. Wala hasemi na baba mkwe wake. Akiwa na neno, linapitia kwa mama mkwe.

Panya walikuwa wanamaliza mbegu za maharage darini. Mume wangu akanunua dawa ya panya, akaniachia, akasema, "Kabla hujaitega, mwambie mama amfungie paka." Kisha akaenda zake Uganda kuuza kahawa. Mimi, kwa uvivu tu wa kufungua mdomo, sikumwambia mtu. Nikaichanganya na ndizi, nikaitega.

Kesho yake paka alikuwa amelala chini ya kitanda cha Baba, yaani baba mkwe, mate yanamtiririka. Paka huyo aliachwa na binti yao mdogo, aliyekufa kwa homa mwaka mmoja kabla sijaolewa. Baba hakubakiwa na kingine cha mtoto yule.

Nyuma ya mkeka nilimsikia akimbembeleza. "Kula, mama. Kidogo tu." Alimtafunia nyama, akamlambisha maziwa kwa kidole. Paka aligeuza uso. Siku ya tatu hata Baba mwenyewe alikuwa hali chakula.

Mama mkwe akaniletea uji, akaniuliza, "Nawe mbona huli, mwanangu? Unaumwa?"

Nikasema kichwa. Niliogopa kurudishwa kwetu. Nikajidanganya kwamba mila inanikataza kusema na Baba, kana kwamba aliyesimama mbele yangu na bakuli alikuwa Baba!

Siku ya nne paka akafa. Baba alimzika migombani, karibu na kaburi la binti yake. Nikamsikia akimwambia Mama, "Ni yale maziwa niliyompa kabla hajaugua. Ng'ombe alikuwa na kidonda, nami nilijua, bado nikampa. Nimemuua mwenyewe." Tangu hapo hakunywa tena maziwa. Mzee wa Karagwe, mwanangu, mwenye ng'ombe wake!

Nilinyamaza miaka yote, mpaka tukamzika Baba mwenyewe. Ndipo nikamwambia Mama. Hakunigombeza. Alitazama chini, akasema, "Mzee alijua majani ya kutapisha. Aliwahi kumponya mbwa wake kwa hayo. Ungeniambia siku ile ile." Kisha akasema, "Na maziwa yake angekunywa."

Mwanangu, ukikosea, sema mapema, angali yupo wa kutibiwa na yupo wa kukusamehe. Usijifiche nyuma ya mila wala aibu. Mimi naenda migombani, namwomba Baba radhi kaburini, narudi na mzigo wangu vilevile. Mungu akupe kinywa chepesi siku utakayokosa, na akukutanishe na uliyemkosea angali hai.