Programu Iliyomkataa Mzee Ngigi

Saa moja asubuhi mtaani Bondeni, Nakuru, Nangila Simiyu anafuta mistari ya programu aliyoiandika mwenyewe mwaka jana. Chai imepoa pembeni na hajaigusa. Fundi huyu wa programu za kompyuta, mwenye umri wa miaka 28, ana kazi moja tu wiki hii, na hataki kulipwa hata senti.

"Hii nilikuwa najisifia nayo," anasema. "Sasa nikiisoma naona aibu."

Oktoba 2007, chama cha ushirika cha wafugaji upande wa Subukia kilimpa shilingi 40,000 aandike programu ya kupokea maziwa. Nangila ni mtoto wa mjini, mjukuu wa mfanyakazi wa reli, ambaye hajawahi kukamua hata mbuzi. Aliambiwa kwamba anayekaa siku sitini bila kuleta maziwa huwa amehamia kwa mahoka, wachuuzi wanaonunua maziwa nyumba kwa nyumba. Akaamini.

Basi akaunda wanachama wa aina mbili: anayeleta na aliyejitoa. Siku ya sitini na moja, programu ilimfuta anayeleta na kumwandika upya kama aliyejitoa. Na huyo wa pili, hata aje na mtungi umejaa pomoni, hakuwa na njia ya kurudi.

Ikaja Januari na ghasia za uchaguzi. Mzee Ngigi wa Kabazi, mwanachama tangu 1989, alikimbia na familia yake. Ng'ombe wake wa pekee akabaki kwa jirani. Aliporudi Aprili, alibeba lita nane hadi kituoni. Karani, Peterson, akabonyeza nambari yake, kisha akamwambia kompyuta imekataa.

Mzee alirudi siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne hakuonekana. Alikuwa amemuuza ng'ombe kwa mchinjaji.

Nangila aliyajua haya Juni, alipokwenda kutengeneza printa. Peterson alimsimulia akicheka, kama kisa cha mzee mkaidi. Yeye hakucheka, na usingizi wake haujawa mzuri tangu siku hiyo.

Katika programu mpya, mwanachama ni mmoja na hafutwi. Kinachobadilika ni hali yake: analeta, amepumzika au amejitoa. Kila hali inajua la kufanya maziwa yakifika. Aliyepumzika akileta, anapokewa na kurudishwa kwenye kuleta, kwa nambari yake ileile.

"Mwaka jana ingekuwa kazi ya siku mbili zaidi, lakini nilikuwa na haraka," anasema. "Hata ng'ombe hukauka maziwa miezi miwili kabla azae. Hiyo sikuuliza mtu yeyote."

Kwa Mzee Ngigi maji yamekwisha kumwagika. Jumatatu nambari yake itaanza kufanya kazi tena, na boma lake halina ng'ombe.

Jumamosi Nangila atapanda kwenda Kabazi. Hana ndama wa kumpelekea. Anatumaini tu mzee atakubali kuketi naye.

"Amekaa akijua ni mashine ilimkataa," anasema. "Nataka asikie kwangu kwamba ni mimi nilimkataa, nikiwa hapa Bondeni, hata sijui sura yake."