Kinyoya cha Katikati

Kocha wetu pale mtaa wa Al Khuwair ni Mrusi, bibi aliyecheza badminton ya wawili wawili kwa kulipwa miaka mingi. Mwenzangu uwanjani alikuwa mama mkwe wangu. Kila kinyoya, kile kijimpira cha manyoya tunachokipiga kwa raketi, kilichokuja katikati yetu nilimwachia yeye. Kwetu nani atamtangulia mkwewe? Naye akiniachia mie. Kinaanguka chini, kocha anafoka: "Mimi na mwenzangu tulikigombania kila kimoja, ndiyo maana tulishinda!"

Siku ya fainali, pointi ya mwisho, kikaja katikati tena. Nikapiga ukelele, "Changu!" nikampita mbele, nikakibamiza. Tumeshinda!

Nikageuka kumtaka radhi. Mkwe wangu anacheka mpaka machozi. "Toka ulipoingia nyumbani kwangu," akasema, "nakungoja useme neno hilo."