Siku Bibi Alipoikimbilia Meli

Moshi wa makaa ya mawe ulikuwa ukitufikia kabla ya meli yenyewe. Ulikuja na upepo kutoka upande wa Shela, ukapanda hadi darini kwetu, ukachanganyika na harufu ya nazi mbichi na ya asumini zilizoanikwa kwenye ungo, na mama akiinua pua tu alijua kwamba siku hiyo kazi haitafanyika. "Meli hiyo," husema, nami huwa nimeshakiacha kibao cha mbuzi na nazi yangu nusu, niko ukutani nimening'iniza kidevu. Nyumba yetu ilikuwa Mkomani, upande wa nyumba za mawe, na jiko letu, kama majiko mengi ya Amu, mji wetu wa Lamu, zama zile, lilikuwa juu kabisa, chini ya kipaa cha makuti. Kutoka hapo bandari yote ilikuwa yangu: mashua zilizolala ubavu kwenye tope, forodha na bendera yake, na nje kidogo, maji yalipokuwa mengi, meli nyeusi yenye dohani moja, ikitoa moshi kama mzee anayevuta buruma. Hii ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani. Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, lakini nilijua kwamba msimu ule ni wa mwisho. Mama alikwisha kuniambia kuwa mwaka ukigeuka nitawekwa ndani kama wasichana wengine, na pwani nitaiona kutoka darini tu.

Kuja kwa meli kulipendeza, lakini kuondoka kwake ndiko tulikokungojea. Abiria walioteremka kunyoosha miguu walitawanyika mjini, wengine hadi ndani ya mtaa wa Langoni wakitafuta kofia za kazi na mikeka, na kila mmoja alidhani saa zimelala. Kisha meli ikalia. Honi ya kwanza ilikuwa ya kuwakumbusha. Ya pili ilisema mashua zinarudi. Ya tatu maana yake nanga inavutwa, na aliye nchi kavu ajijue. Hapo wanawake wa mtaa mzima walikuwa wameshapanda madarini, wengine wakipita juu ya vikio vilivyounganisha nyumba na nyumba ili wasikanyage njia, na sote tukatazama waliochelewa wakitoka vichochoroni kama kuku waliofunguliwa banda. Namkumbuka Mzungu mmoja aliyekuja mbio amejitwika kiti cha mpingo kichwani, miguu ya kiti ikimgonga mabega. Namkumbuka Banyani mnene aliyerudi kuufuata mwavuli wake, akaupata, ukafunguka njiani kwa upepo ukamvuta upande wa pili. Tulicheka hadi machozi. Lakini mtu akifika, akavutwa mashuani kwa mikono na kola ya kanzu, tulimpigia vigelegele kana kwamba ni bwana harusi, naye akatazama juu asijue furaha ile inatoka wapi.

Aliyekuwa hapandi kutazama ni Bibi, mama wa mama yangu. Bibi alikuwa mwanamke wa zamani. Enzi zake alipotoka mchana alitembea ndani ya shiraa, lile hema la nguo lililoshikwa kwa miti na wanawake wawili, yeye katikati asionekane hata kisigino. Wanawake wale walikuwa watumwa wa nyumba yetu. Walipoachwa huru walikwenda zao, kama ilivyokuwa haki yao, na Bibi akabaki na shiraa iliyokunjwa kabatini bila wa kuishika. Buibui lilikuwa limeanza kuingia Amu, lakini yeye alilikataa katakata. Alisema hawezi kutembea amevaa nguo iliyomgandama kama maji. Basi akakaa. Miaka ikapita hajatia mguu nje mchana, na hata wauza samaki walimjua kwa sauti tu, akiagiza kutoka nyuma ya mlango.

Siku ninayoisimulia, meli ilikuwa imetia nanga asubuhi, nasi tuko juu tukipika, tukasikia hodi ambayo si ya mtaani. Nilishuka kufungua. Alisimama hamali wa forodhani, na nyuma yake mwanamke mfupi aliyevaa buibui jipya, ametota jasho. Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akasema, "Wewe ni wa kwetu, mwanangu. Pua hiyo naijua. Mwambie Dada, Zuhura yuko mlangoni."

Sikujua Zuhura ni nani zaidi ya jina lililotajwa katika dua. Alikuwa mdogo wake Bibi, tumbo moja, aliyeozwa Kismayu akiwa msichana, na tangu siku aliyopakiwa hawakuonana tena. Nilipopeleka habari juu, Bibi aliinuka. Aliliweka chini kawa alilolishika, akashuka ngazi akijishikilia ukutani, na walipokutana kwenye daka la mlangoni hakuna aliyelia. Walishikana mikono wakabaki kutazamana, kila mmoja akimtafuta msichana aliyemwacha ndani ya uso ule wa kikongwe. Kisha Bibi akasema, "Umekonda," na Bi Zuhura akajibu, "Nawe umenenepa, Dada," wakaanza kucheka, na ndani ya kicheko ndipo machozi yalipotoka.

Hakuja kukaa. Alikuwa njiani kwenda Unguja, kwa binti yake wa pekee aliyeolewa huko, ambaye alikuwa na mimba nzito. Binti yule alikwisha kuzika watoto wachanga zaidi ya mmoja, na safari hii alituma salamu Kismayu kwamba hatazaa bila mama yake kuwapo. Mizigo yote ya Bi Zuhura ilibaki melini. Alisema ameomba ruhusa ya kushuka mara moja tu, auone uso wa Dada yake, kisha arudi. Meli nyingine ingekuja lini hakuna aliyeweza kusema.

Mama akapika kwa pupa kila kilichokuwamo ndani, nao wakaketi ukumbini juu ya mkeka mmoja, magoti yakigusana. Mimi niliachiwa kazi ya kupepea, na kwa hivyo niliyasikia yote. Walizungumza juu ya watu waliokufa, kisha juu ya mama yao, kisha juu ya kisima cha uani ambamo Bi Zuhura aliwahi kutumbukiza bangili na Bibi akapigwa yeye. Bibi, ambaye mimi nilimjua kama mtu wa amri na tasbihi, alikuwa akimlisha mdogo wake kwa mkono, akimtolea miba ya samaki kama anavyofanyiwa mtoto. Honi ya kwanza ikalia. Bi Zuhura akageuka. "Bado," alisema Bibi, "hiyo ni ya kuwatisha tu. Kula." Ikalia ya pili, naye Bibi akaita kahawa. Aliuliza habari za mtu na mjukuu wa mtu, akaomba aelezwe nyumba ya Kismayu ina vyumba vingapi na dirisha linatazama wapi. Ikalia ya tatu, ndefu, hata vikombe vikatetemeka kwenye sinia.

"Ni ya ngapi hiyo?" aliuliza Bi Zuhura.

"Ya pili," alisema Bibi, na mkono wake ukalishika buibui la mwenziwe pale chini, kwenye pindo.

Nilikuwa mtoto, na mtoto wa Amu hasemi kinyume cha bibi yake. Lakini nilikuwa nimezisikiliza honi zile msimu mzima, na mbele yangu nilimwona yule binti wa Unguja nisiyemjua, amejishika tumbo, akitazama mlango. "Bibi," nilisema, "ni ya tatu. Wanavuta nanga."

Nilitazamia kofi. Bibi aliniangalia, akaiangalia sakafu, kisha vidole vyake vikaachia pindo kimoja kimoja. "Mwonyeshe ndia," alisema. "Pita kwa kisimani ni karibu. Nendani!"

Tulitoka mbio. Bi Zuhura hakuwa akiijua tena Amu; penye kiwanja alichokikumbuka palikuwa na ukuta, na kila mara alitaka kupinda penye kichochoro kisichokuwapo tena. Nilimshika mkono nikamvuta. Kwenye kichochoro kimoja tulikuta punda wamebeba mawe ya chokaa wameziba njia, tukapita tumejibana ukutani, na buibui lake jipya likatoka jeupe upande mzima. Juu yetu nilisikia vicheko vya madarini, vile vile nilivyozoea kucheka mimi. Siku zote niliwaona wale wanaokimbia kutoka juu, wadogo kama sisimizi. Sasa nilisikia pumzi ya mmoja wao ikikwaruza kifuani karibu na sikio langu, naye akisema kila hatua, "Ya Rabbi, mwanangu. Ya Rabbi, mwanangu."

Tulipofika pwani mashua ya mwisho ilikuwa imesharudi tupu. Meli ilikuwa imekwisha kuanza kugeuza pua. Alikuwapo Bwana Shee, nahodha wa mashua, akifunga kamba, na Bi Zuhura akamwendea akimsihi. Bwana Shee alikuwa mtu mwema, lakini alitikisa kichwa. "Haishikiki hiyo, Bi. Ngazi wameshaipandisha. Tutachosha watu bure." Bi Zuhura akaketi pale pale juu ya mawe ya gati. Hakulia wala hakulalamika. Alikunja mikono tu akaitazama meli, na mimi nikasimama mbele yake kumkinga jua.

Kisha nikaona wanaume wa pwani wanageuza nyuso, mmoja baada ya mwingine, wakitazama chini au baharini, kama watu wanaofanya heshima. Bibi alikuwa akija. Alikuja katikati ya njia, amejitanda kanga aliyokuwa akipikia, uso wazi, miguu mitupu, akihema na jua limempiga machoni kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi. Hakunitazama mimi wala mdogo wake. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mashua.

"Bwana Shee. Mtie dada yangu huyu chomboni, umfikishe."

Bwana Shee hakuwahi kuuona uso wake, lakini sauti ile alikuwa akiijua tangu alipokuwa kijana akituletea samaki mlangoni. Aliinamisha macho kwenye mchanga. "Labeka, Bi," alisema, akapiga ukelele kwa wapiga makasia.

Waliisukuma mashua, na Bibi akaingia majini pamoja nayo hadi kiunoni, ameushika mkono wa Bi Zuhura aliyeketishwa tezini, nyuma ya mashua. Nilikuwa karibu nao, nguo zangu zimelowa, nikasikia. "Niwie radhi, Zuhura," alisema Bibi. "Ile honi."

"Nalijua, Dada," alisema Bi Zuhura. "Nami nalikuwa nikizihesabu."

Hapo makasia yakapiga maji na mikono yao ikaachana. Bwana Shee alisimama akipunga kilemba chake, wale vijana wakivuta kwa nguvu zote huku wakiimba, na kule melini abiria wakajaa upande mmoja kututazama, wakipiga makofi. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba haiwezekani. Kisha povu la nyuma ya meli likapungua. Ngazi ikateremshwa, kitone cheusi kikapanda, kikasimama juu, kikainua mkono. Madari yote ya Amu yakalipuka kwa vigelegele. Bibi aliposikia akageuka, akayaona yale madari yamejaa wanawake, akatambua kwamba mji mzima umemwona. Nilidhani atajifunika akimbie. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akanishika bega, akasema, "Ngoja kwanza niione pwani. Imejengwa hivi lini?" Tukarudi pole pole kwa njia kubwa, akisimama kila penye nyumba asiyoijua akiniuliza ni ya nani.

Meli iliyofuata ilileta salamu kwa mdomo wa msafiri mmoja. Mtoto alizaliwa wiki ile ile Bi Zuhura alipofika, wa kike, na yu hai. Bibi alisujudu pale pale ukumbini. Mwezi ule akamwambia mama amshonee buibui, na mpaka alipofariki alikuwa akitoka mchana kuzuru wagonjwa, akilalamika njia nzima jinsi lilivyomgandama. Yeye na Bi Zuhura hawakuonana tena. Vita vilikuja, meli zikawa haba, na zilipoanza kurudi kama zamani tulipata habari kwamba amezikwa Unguja. Mimi nami niliwekwa ndani mwaka ulipogeuka, kama nilivyoambiwa.

Leo mimi ni bibi. Mjukuu wangu anafanya kazi Mombasa, na huja kututazama apendapo. Mwezi uliopita alikuwa arudi. Mkoba umefungwa, mama yake anamhimiza, na yeye yuko mbele ya kioo. Alipofika gatini mashua ya kuvukia Mokowe, bara, ilikuwa imeondoka, na basi upande wa pili halikumngoja. Akarudi nyumbani akitembea, anakula embe. "Nitapanda kesho, Bibi," alisema, akatupa mkoba kitandani, akaja kujilaza kichwa kikiwa pajani kwangu. Akanihadithia habari za ofisini kwao, watu nisiowajua, hata usingizi ukamchukua. Nilibaki nimekaa vile vile, miguu imekufa ganzi, sikutaka kujitikisa. Yeye alikosa basi tu, na kulipopambazuka alikuwa ameshasahau. Mimi nilipewa jioni ile ambayo Bibi aliitaka kwa dada yake akaikosa, nami nikaipokea yote, mpaka taa ilipoisha mafuta.