Penseli ya Bi Zubeida

Mzee Abdulghani alikuwa karani wa bandarini, kazi ya kuhesabu makasha yanayoshuka na yanayopanda, na alipostaafu hakubaki na cha kuhesabu ila habari. Mimi nauza mahamri na mbaazi za nazi kwenye kona ya nyumba yake hapa Mishomoroni, huu mwaka wa kumi na mbili. Kila asubuhi, kabla sijapanga mabakuli, nampelekea mahamri manne: mawili yake, mawili ya mkewe. Bi Zubeida alipofariki nikapeleka mawili. Akanirudisha nikaongeze. Alisema sahani yenye mahamri mawili yamkodolea mato.

Sitaki kumpamba. Alikuwa mbishi, na akikushika na habari za dunia hakuachii mpaka mafuta yako yaungue. Lakini nyumbani kwake alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona kwa mume mwingine yeyote. Bi Zubeida alikuwa mtu wa chuo, si wa shule. Kurani aliisoma kama maji, ila herufi za gazeti hazikumsemesha. Basi mumewe akimsomea. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani, ukurasa wa kwanza mpaka wa michezo, kwa sauti ya kuhutubia uwanja mzima. Bi Zubeida akimimina chai, akisikiliza, na habari ikimalizika akisema, "Haya." Basi. Neno lake lilikuwa hilo moja. Mimi nilidhani mwanamke yule kichwa chake kimo jikoni.

Na habari zenyewe mwazijua. Vita vile vile, mji tu ndio umebadilika jina. Wakubwa wa dunia wamekutana hotelini, wamesikitika, wamepiga picha. Huku kwetu mheshimiwa amewahakikishia wakazi kwamba maji ya mfereji yatafika kabla ya Desemba. Mheshimiwa huyo nimemjua tangu nywele zake zikiwa nyeusi zenyewe. Siku hizi weusi huo aupaka. Amebadilisha chama, amebadilisha kofia, amebadilisha na mke, lakini Desemba yake hajaibadilisha. Sisi bado twanunua maji ya madumu kwenye mkokoteni, na kila uchaguzi twampigia makofi.

Arubaini ya marehemu ilipopita, nilibisha hodi asubuhi moja nikamsikia Mzee akisoma. Nikafikiri ana mgeni. Nikachungulia dirishani kabla hajaniitikia. Alikuwa peke yake. Kikombe cha pili kilikuwa mezani, kimejazwa, kinatoa moshi. Akasoma habari ya mkutano wa amani mpaka mwisho, akakitazama kile kikombe, kisha akajiambia mwenyewe, "Haya," akafunua ukurasa.

Mimi mdomo wangu hauna breki, watu wa Mishomoroni wote wanajua. Siku ile niliweka sahani kizingitini nikaenda zangu.

Baadaye alikuja mwenyewe kibandani kuirudisha sahani. Kisha akaniambia jambo ambalo mwanamume wa umri wake hamwambii mwuza mahamri.

"Mama Munga, miaka thalathini na moja nilimsomea. Hakunijibu. Sasa najiuliza kama alikuwa akisikia, au nilikuwa nasomea ukuta."

Nikamwambia ukuta haupiki chai. Hakucheka.

Tangu hapo jambo hilo likamla. Akianza kusoma alikomea katikati. Siku nyingine gazeti lilikaa halijafunuliwa mpaka adhuhuri. Binti yake Salsabil, muuguzi anayekaa Port Reitz, alimletea runinga kubwa apate kuchangamka. Mzee akaitazama siku mbili akaifunika kwa kanga. Runinga, alisema, yasema na watu wote, na yeye alitaka kusema na mtu mmoja. Salsabil akanivuta pembeni akaniambia baba yake akiacha gazeti ndiyo basi, hatabaki na la kumwamsha asubuhi. Nikamwambia hawezi kuacha, ni kama mvuta tumbaku.

Akaacha. Ilikuwa Jumatatu. Ukurasa wa kwanza mheshimiwa alikuwa amesimama kando ya bomba jipya, amevaa kofia ya plastiki, na chini yake maneno: maji kabla ya Desemba. Mzee alitoka nje na gazeti lile akalitupa juu ya meza yangu, karibu litumbukie kwenye karai.

"La yeo na la mwaka ule ni mamoja," akasema. "Ndoto moja wasimuliwa mara elfu. Njoo uyachukue yote, ufungie mahamri yako. Angalau yatafanya kazi."

Chini ya kitanda kulikuwa na mafungu manne, yamefungwa kwa kamba ya katani, makubwa kila moja kama mto wa kulalia. Bi Zubeida ndiye aliyeyaweka. Mzee akisoma akimaliza hakuligusa tena gazeti. Mkewe ndiye aliyechagua ya kuweka, akakunja, akafunga, akasukuma uvunguni. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, karatasi ya kufungia ni shida. Nikayabeba mafungu kwa safari mbili, na wiki mbili nzima nikafungia watu wa Mishomoroni mahamri kwa habari za miaka iliyopita. Wengine walisimama kando kuzisoma huku wanakula, na hakuna hata mmoja aliyeniambia gazeti hili ni la zamani. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa wasiwasi kama ni kweli unga utapanda bei. Nikamwambia ulishapanda, mama, tangu hujaolewa.

Kwenye karatasi zile niliona michoro ya penseli. Midogo, pembeni mwa picha, kama nyayo za kuku. Nikadhani ni Mzee akijaribu penseli, au ni hesabu zake za bandarini. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, tena shule ya misheni. Nyayo za kuku hazikuwa kwenye mtihani.

Aliyenifungua macho ni Maalim Hashim, mwalimu wa chuo cha watoto mtaa wa pili. Nilimfungia mahamri sita, akayashika, akayarudisha mezani kama yamemchoma.

"Mama Munga, wafungia mafuta kwenye maandishi ya Kiarabu. Huogopi? Na ikiwa ni aya?"

Nikamwambia sijui ni nini, kwangu ni mikwaruzo. Akavaa miwani apate kunisomea dhambi yangu. Akasoma. Nikamwona uso unabadilika, ukali unaondoka, anajizuia kucheka na hawezi.

"Si aya," akasema. "Ni Kiswahili. Kimeandikwa kwa herufi zetu za chuoni. Yasema hivi: 'Huyu amenenepa. Ahadi yake yazidi kukonda.'"

Nikaitazama ile karatasi. Maneno yalikuwa kando ya picha ya mheshimiwa.

Nilizima jiko na watu wamepanga foleni. Mmoja alinitukana, nikamwachia tusi lake, siku ile sikuwa na nafasi ya kumrudishia. Kati ya mafungu manne lilibaki moja na kipande. Mengine yote yalikuwa yamekwisha kwenda, yameloa mafuta, yametupwa mitaroni, yamewashia majiko. Ni mimi niliyeyatoa kwa mkono wangu, na nilisema ahsante karibu tena.

Nilimpelekea Mzee kilichobaki na ile karatasi ya Maalim yenye mafuta. Nilimweleza nikiwa nimesimama, haraka haraka, kama mtu anayekunywa dawa. Nilingoja anifukuze. Aliinuka akaenda kunawa mikono, akaifuta vizuri, akakaa, akafungua kamba.

Yeye naye alipita chuoni utotoni. Alisoma polepole, kidole kikitembea kutoka kulia. Bi Zubeida hakuweza kusoma habari, lakini picha alizijua, na kila alichosomewa asubuhi alikiandikia kando ya picha yake mchana, mumewe akiwa kazini au msikitini. Kwa penseli fupi aliyotumia kutia alama nguo alizoshona.

Kando ya wakubwa wawili wanaopeana mikono: "Walipeana na mwaka juzi. Mikono haina haya."

Kando ya bomba: "Desemba ya mwaka gani, mwanangu?"

Kando ya mheshimiwa akigawa karatasi za hatimiliki kwa maskwota, karatasi ambazo mtaa wetu bado twazisubiri: "Hati yangu mimi itakuwa ni mwanandani."

Hapo kidole cha Mzee kilikoma. Mwanandani wa kaburi ndimo sasa alimolala mkewe. Kisha akaendelea, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nimesimama pale pale na nguo zangu zinanuka mafuta. Lile gazeti la nane au la tisa halikuwa na neno lolote kwa mheshimiwa. Maneno yalikuwa madogo zaidi, chini kabisa. Aliyasoma kimya kwanza. Kisha akanisomea, nadhani kwa sababu hakuzoea kusoma peke yake.

"'Abdulghani sauti yake yakwaruza yeo. Kesho nimtilie tangawizi.'"

Akalikunja gazeti.

"Niliinywa ile chai," akasema. "Hata sikuuliza kwa nini ina tangawizi."

Kwa hiyo jibu alilipata. Alisikia. Miaka thalathini na moja yote mkewe alisikia, na alijibu, ila mtu hakuwahi kumwuliza. Mimi niliyekuwa na ulimi wa kumkata kila mtu nilikuwa sijamsikia mwanamke mwenye ulimi kuliko wangu, na kila siku nilikuwa namkabidhi sahani mkononi.

Mzee akarudi kununua gazeti. Salsabil alinishukuru, na sikumwambia yote. Utaratibu ulikuwa huu: asoma habari ya leo kwa sauti ya uwanja mzima, afika mwisho, kisha achambua lile fungu la zamani mpaka apate picha inayofanana, asome la mkewe. Na kila mara alipata. Jamani, kila mara. Vita vya leo vikakuta jibu la miaka tisa nyuma. Mheshimiwa wa leo akakuta jibu la uchaguzi wa tatu uliopita. Wengine twachoka na dunia kwa sababu haisogei; Mzee alikuwa akifunga kamba jioni ametulia, kwa sababu isiposogea, Zubeida naye yuko. Nilimsikia hata akicheka. Kikombe cha pili bado alikijaza.

Ikawa hivyo miezi minane.

Juzi Alhamisi nimefika na mahamri yangu manne, hodi yangu haikuitikiwa. Nikaingia. Magazeti yote yalikuwa sakafuni, yametandazwa kama nguo za kuanika, na Mzee ameinama katikati yake, miwani imeshuka puani. Juu ya meza gazeti la siku ile. Picha ilikuwa ya bomba la mfereji kule Mtopanga, limefunguliwa, na maji yanatoka. Maji ya kweli. Wanawake wamekinga ndoo wanacheka na meno yote.

Nilitaka kusema alhamdulillahi, na mimi si Mwislamu.

"Natafuta tangu alfajiri," Mzee akasema, bila kuinua kichwa. "La hili hakuandika."

Nikaweka sahani. Nilijua analofikiri, na alijua nalijua. Pengine aliandika. Pengine siku moja ya miaka ile yalitoka maji mahali fulani, na neno lake likaondoka kibandani kwangu limefungia mahamri mawili. Au pengine hayakuwahi kutoka, na hakuwa na la kuandika. Hilo hatutalijua, na aliyesababisha tusilijue ni mimi.

Akakaa kitako pale sakafuni, mtu mzima yule, akanitazama.

"Wewe ulikuwa ukimwona kila siku, Mama Munga. Hapa angesemaje?"

Nimejibu makonstebo, nimejibu wakusanya ushuru, nimemjibu mheshimiwa mwenyewe alipokuja kula mahamri yangu ya bure wakati wa kura. Nilisimama pale nikatafuta neno moja tu ambalo lingekuwa lake, sikulipata.

"Sijui, Mzee wangu."

"Mimi pia sijui," akasema.

Nje mkokoteni wa maji ulikuwa ukipita, mwenye madumu anapiga kengele yake. Mzee akaanza kuokota magazeti moja moja, akiyapanga kwa tarehe. Chai ya kikombe cha pili ilikuwa imeshapoa. Nikaichukua nikamwaga, nikakiosha kikombe, nikakirudisha pale pale mezani, upande wa Bi Zubeida.