Zamu Yangu kwa Anjela

Nimekana mwezi mzima, leo nakiri: nililala nikiwa zamu. Kikundi chetu cha kanisa hapa Moshi huwapumzisha akina mama wanaolea watoto wenye ulemavu, na mimi ndiye niliyewahutubia wenzangu, kwa maneno yangu ya chuo kikuu, kuhusu umakini wa mlezi.

Nilipangiwa Uru kwa Mama Anjela, ambaye hakuwa ametoka peke yake kwa miaka. Anjela ana miaka tisa; hatembei wala hasemi, ila anacheka sana. Nilimlisha mtori, nami nikaonja bakuli zima, kisha nikajinyoosha mkekani kando yake. Nilishtuliwa na mlio wa geti.

"Amekusumbua?" mama yake aliuliza.

"Wala. Tumepiga hadithi muda wote."

Jana akanipigia simu. "Dada, Jumamosi mdogo wangu anaolewa. Nikuachie Anjela tena?"

"Niachie tu. Mimi sifumbi jicho."

"Haya, msikilize mwenyewe. Kila nikitaja jina lako anafanya hivi."

Kwenye simu ukaja mkoromo mrefu wenye mluzi mwishoni, kisha kicheko cha Anjela.

"Njoo," mama yake akasema, "ila unywe kahawa kwanza."