Wiki Yangu na Baiskeli ya Stima

Fuu, fuu, fuu. Bado naisikia ile pampu ndogo ya mpira mkononi mwa nesi, na kile kitambaa kikinikaba mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Hewa ikatoka, ssss. Akautazama mshale, kisha akanitazama mimi.

"Dada, una miaka mingapi?"

"Ishirini na nne."

"Presha yako ina miaka hamsini. Anza kutoa jasho kabla hatujaanza kukupa dawa."

Mama yangu alianza hivyo hivyo, na leo hapandi ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Nilitoka pale nimeamua: kutoka Jericho hadi kiwandani Baba Dogo, ninakoshona magunia, nitakuwa naenda kwa baiskeli.

Lakini baiskeli gani? Fundi wa sokoni alikuwa na mbili: moja ya kawaida, ya kijani, na nyingine ya stima, imenona betri katikati.

"Jaribu hii ya stima wiki moja," akaniambia. "Itakubeba kama bibi harusi."

"Nikibebwa mimi, jasho litatolewa na nani?"

"Aii, sista! Utakanyaga pia, ila kidogo. Kile kimlima cha Outering kitakuua."

Kweli nilikiogopa. Nikaichukua. Siku tatu nilipaa, nikijiona tayari niko njia ya Naivasha, mama kakaa nyuma na mwavuli wake. Kazini nilifika mkavu kama shati la pasi. Hapo ndipo moyo uliponisuta.

Alfajiri ya siku ya nne mlango uligongwa. Alikuwa jirani yangu, mama wa mapacha, tochi ya simu mkononi.

"Mrembo, zamu ya tokeni ilikuwa ya nani?"

Nikashika mdomo. Katika ploti yetu mita ni moja, nyumba sita, na kila nyumba ina wiki yake ya kununua stima. Hiyo ilikuwa yangu.

"Yaani naosha watoto gizani ndiyo baiskeli yako ishibe?"

"Na hata haijashiba, mathe." Betri ilikuwa tupu. Tukacheka, nikamwomba msamaha, nikanunua tokeni kwa simu pale pale mlangoni.

Geti la kiwanda hufungwa saa moja. Nikatoka na lile dude zito, miguu yangu pekee ndiyo injini. Kwenye kimlima mapaja yaliwaka moto. Mzee mmoja aliyekuwa akiteremka na mkokoteni akanipigia kelele, "Shuka usukume, msichana!"

Sikushuka. Mlinzi wa getini aliniuliza kama huko kwetu kumenyesha.

Jioni niliirudisha. Ni nzuri, sikatai. Ingekuwa ni ya mama, ningemchukulia hiyo hiyo. "Lakini kama nimepanda kile kimlima na mzigo huu," nikamwambia fundi, "ile ya kijani itanishinda nini?"

Kesho yake, ploti nzima ikiwa bado imelala, niliinama uani nikachomeka pampu kwenye gurudumu la nyuma la ile ya kijani. Fuu, fuu, fuu. Nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikaongeza kidogo, kisha nikafungua geti polepole nisiwaamshe mapacha.