Kizuka Hatembei

Kwetu Tongoni neno kizuka lina maana mbili: mjane aliye edani, na mzimu. Nilikuwa nikilicheka neno hilo mpaka nilipoitwa mimi.

Mume wangu alikufa ghafla, naye ndiye aliyekuwa mzima. Mgonjwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza matibabu ya saratani ya titi, na muuguzi mjini Tanga akaniagiza nitembee kila siku, nile mboga za majani na matunda yenye rangi: zambarau, mapera, ubuyu. Hakuniahidi umri, alisema tu mwili hupata nguvu ya kupigana. Mume wangu akalishika agizo kuliko mimi. Baada ya sala ya alfajiri alinitoa nyumbani kama anayeswaga mbuzi, tukaenda mpaka mwisho wa minazi na kurudi.

Alipozikwa, wifi yangu, dada yake, akahamia kwangu anitunze edani. Mapera aliniletea, hakuwa na roho mbaya. Ila kutembea alikataa katakata.

"Kizuka hatembei, wifi. Kizuka hukaa."

Niliogopa. Mzimu haukunitisha, nilichoogopa ni uvimbe. Nikishinda kitandani, mkono wa upande uliopasuliwa ulijaa na kuuma, nami nikauona ugonjwa unanirudia. Basi nikawa natoka uani kungali giza, pekupeku, nazunguka kisima kimya kimya mpaka kunapambazuka.

Asubuhi moja nilimkuta wifi amesimama kwenye mlango wa uani, kanga imemwanguka begani wala hajui.

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Wallahi nimesikia watu wawili. Mmoja anaburuta makubadhi."

Marehemu ndiye aliyekuwa akiburuta makubadhi, na makubadhi yake tulishayatoa sadaka.

"Kaka amekuja kukuchukua," akasema, machozi yanamtoka.

"Angetaka kunichukua, wifi, angeniacha nikae."

Tangu siku hiyo hakunikataza tena. Kila alfajiri alikaa kizingitini kusikiliza, na nilipompita alininong'oneza, "Yupo." Nami nilitembea polepole, nikabana pumzi, nikasimama ghafla, nikatega sikio.

Eda ilikwisha, vipimo vya mwisho vimetoka vizuri, na natembea hadi leo. Sijamsikia hata siku moja. Wifi yangu namwonea wivu mpaka nalia.